Glasi Zisizojua Pombe

Ruqiya alikuwa mwanamke wa kuogopa mambo kabla hayajafika. Wingu likitanda Nyamira, yeye mjini Kisii alianua nguo. Mumewe, Shueib, humtania kwamba siku akikosa la kuogopa ataogopa hilo lenyewe. Lakini tangu mteja wao Abigael atamke neno shampeni pale dukani, Ruqiya hakutulia mchana wala usiku, na safari hii hata Shueib hakucheka.

Duka lao liko nyuma ya msikiti, na kazi yao ni kukodisha vyombo vya sherehe: sahani, vijiko, sufuria za pilau, majagi, glasi. Wakodishaji wa vyombo Kisii wamejaa tele, na wengine sahani zao ni mpya kuliko za Ruqiya na bei yao ni nafuu. Wateja walimfuata yeye kwa sababu moja tu. Vyombo vyake havijawahi kuguswa na nguruwe wala pombe. Sheria hiyo iliwekwa na Hawo, mama mkwe wake, siku alipoianza kazi hiyo kwa sahani za bati, na walioipenda zaidi ni Wasabato wa kule milimani, ambao nao nguruwe hawali na kileo hawaonji. Hawa wanaswali Ijumaa, wale wanasali Jumamosi, ila kwenye sahani walikutana. Mama Msabato akikodi vyombo kwa Mama Sabir, kama walivyomwita Ruqiya kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakuona haja ya kuvichemsha.

Aliyelipeleka jina hilo milimani ni Abigael wa Sironga. Alikuwa shemasi kanisani kwake, mjane, mwenye ulimi unaofika mbali kuliko redio. Alikodi vyombo vya Ruqiya kwa mazishi ya mumewe, akaridhika, akawaambia kina mama wenzake, nao wakaambia wengine, mpaka ikawa hakuna harusi ya Wasabato kuanzia Sironga hadi Mosocho isiyoanza na simu kwa Mama Sabir. Ruqiya alilijua hilo na hakulisahau. Wawili hao walikuwa zaidi ya mteja na muuzaji, walikuwa wamesaidiana katika misiba na uzazi, na Abigael akija mjini hakurudi bila kunywa chai mlangoni pa duka.

Siku hiyo chai yake ilipoa kikombeni.

"Drusilla wangu anachukuliwa," alisema. "Watu wa Bosire wanakuja Jumapili ijayo na mahari. Na huyo baba mdogo wa Bosire, Gibson, ile amekaa Nairobi miaka yote hiyo, amesema watakuja na shampeni tugonganishe glasi."

Ruqiya akaweka birika chini. "Shampeni, Mama Drusilla?"

"Si ile ya pombe. Ni juisi ya zabibu, iko na gesi tu. Lakini lazima ikunywiwe na glasi yake. Sasa mimi najua glasi yake ni gani? Nikiwapea ile ya maji watasema binti yao ametoka kwa watu wa vikombe vya chai."

Wasiwasi ukamwingia Ruqiya hapo hapo. Glasi za mguu hakuwa nazo hata moja. Hawo alizikataa zote, akisema glasi ya mguu ni ya watu wa baa, na chombo kikifanana na mlevi kitaitwa mlevi. Halafu tena angewezaje kumwambia Abigael hapana? Jioni alimweleza Hawo kwa uangalifu, akisisitiza neno juisi mara kadhaa, na yule bibi kizee akamsikiliza huku akihesabu tasbihi yake.

"Juisi ni juisi," Hawo alisema mwishowe. "Lakini ujue unachobeba. Sahani ikichafuka tutaiosha. Jina haliingii kwa beseni, mwanangu."

Maneno hayo Ruqiya alitembea nayo hadi kwa Haresh.

Haresh anauza vyombo vya jikoni katika duka alilolirithi kwa baba yake, na nusu ya bidhaa za Ruqiya zilitoka kwenye rafu zake. Ruqiya alikwenda pamoja na Abigael, maana hakutaka kuchagua peke yake halafu alaumiwe peke yake. Haresh alipangusa kaunta na kuweka glasi tatu. Ya kwanza ilikuwa pana na fupi, bakuli dogo lililosimamishwa kwenye mguu. Ya pili ilikuwa ndefu na nyembamba mno, upana wa vidole viwili tu. Ya tatu ilikaa katikati, ina tumbo kidogo na mdomo uliokunjwa kwa ndani.

"Mama Sabir, usinunue kwa macho," Haresh alisema. "Tumwagie kitu tuone."

Akafungua chupa ya juisi ya tufaha yenye gesi na kuigawa katika zote tatu. Katika ile pana vipovu viliruka juu kwa fujo, na kabla Abigael hajamaliza kusifu vikawa vimeisha, juisi imelala kimya kama mkojo wa mgonjwa. Msimulizi wa habari hii anaomba radhi kwa mfano huo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika ile nyembamba vipovu vilipanda polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, vikaendelea na kuendelea. Ile ya katikati nayo ilihifadhi vipovu vyake vizuri.

"Hii pana, gesi yote inakimbia," Haresh alieleza. "Ni ya picha tu. Hii nyembamba inashika gesi sana. Lakini ukiniuliza mimi, chukua hii ya tumbo. Gesi inabaki, mdomo ni mkubwa kidogo, mtu akiinua anapata na harufu yake. Kinywaji cha zabibu nusu ya utamu ni harufu."

Ruqiya aliipenda hiyo ya tumbo. Ilikuwa na kitako kipana, haingeanguka ovyo kwenye meza za kukodi zinazoyumba, na mkono wa kuoshea uliingia mpaka chini. Zaidi ya yote haikufanana sana na zile za kwenye mabango ya baa. Akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akaanza kupumua.

"Na hiyo nyembamba?" Abigael aliuliza. "Hiyo harufu inatoka?"

"Kidogo sana. Mdomo wake umebana."

"Basi tuchukue hiyo."

Ruqiya alimgeukia. "Mama Drusilla, hii ndefu ndiyo ya kwenye mabango. Wazee wa kanisa wakiiona si wataona pombe kabla hawajaona juisi? Na kuiosha ni taabu, na ikisukumwa kidogo imelala."

"Ndiyo ile abako wanajua," Abigael alisema, akitumia neno la kwao la wakwe. Hakuitazama ile ya tumbo tena. "Chukua ndefu, Mama Sabir. Tafadhali."

Abigael hakuwa mtu wa kusema tafadhali, na Ruqiya akadhani ni ule woga wa mama anayeoza binti. Akachukua ndefu. Haresh alizifunga kwa magazeti katika makreti mawili, akamwonya kwamba sabuni ikibaki ndani hata kidogo inaua vipovu, kwa hiyo azisuuze kwa maji ya moto na kuzianika mdomo chini, asizifute kwa kitambaa chenye nyuzi. Na asizijaze. Robo tatu tu.

Wiki nzima Ruqiya aliziosha glasi ambazo hazijatumika. Alizisuuza, akazianika, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama ya kidole, akarudia. Akinunua soda aliimimina humo kuona kama vipovu vinapanda. Vilipanda. Hilo halikumtuliza, kwani alianza kuwaza wazee wa kanisa wakiingia hemani na kuona safu ya glasi za baa, halafu mmoja akauliza zimetoka kwa nani. Mwenye wasiwasi hata kivuli chake hukiamkia, na yeye alikiamkia kivuli hicho kila asubuhi.

Siku mbili kabla ya sherehe Abigael alipiga simu.

"Hiyo Jumapili usitume wasichana wako," alisema. "Kuja wewe mwenyewe. Nataka usimame hapo kwa meza ya glasi, watu wakuone."

"Wanione mimi nina nini?"

"Wakuone tu, Mama Sabir. Wakikuona watatulia."

Ruqiya alikata simu akiwa na furaha kidogo na hofu zaidi. Furaha kwa sababu aliheshimiwa. Hofu kwa sababu hakuelewa kwa nini watu watulizwe kwa juisi.

Jumapili walifika Sironga mapema na pikapu, yeye na mdogo wake Janat, vyombo vikilia nyuma kila walipoingia shimo. Boma la Abigael lilikuwa limefagiliwa mpaka ukingoni mwa shamba la chai. Hema lilishasimama, kina mama wa kanisa walikuwa jikoni na moshi wao, kuku wanachemka, ugali wa wimbi unasongwa, mboga ya managu imejaa beseni. Walimpokea Ruqiya kama ndugu. Mama mmoja wa Mosocho alimshika mkono na kumkumbusha harusi ya mwanawe mwezi ujao, vyombo vyote, asimsahau. Wakapakua chakula katika sahani zake bila hata kuzipangusa.

Mbingu ilikuwa imeanza kukunja uso kama ilivyo desturi yake huko mchana. Watu wa Bosire waliingia wakiimba, wakakalishwa upande wao, na mazungumzo ya mahari yakaenda vizuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Gibson alikuwa mzee mnene mwenye kicheko kikubwa na kofia ya wazungu wanaocheza gofu. Chupa zake zililetwa jikoni katika ndoo ya barafu, shingo zimevikwa karatasi ya dhahabu.

Ruqiya alizipanga glasi kwenye meza ndefu mbele ya hema, akarudi jikoni kuchukua chupa. Alizitoa kwenye barafu na kuzifuta ili zisidondoshee maji nguo za watu. Ni mkono wake wa wasiwasi uliomfanya aigeuze moja na kuisoma. Chupa ya Haresh ilikuwa imeandikwa kileo sifuri, kubwa, mtu asikosee. Hii ilikuwa imeandikwa asilimia kumi na moja na nusu.

Akachukua nyingine. Ilikuwa hivyo hivyo. Akazisoma zote mpaka ya mwisho.

Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba Gibson amekosea dukani. Maskini mzee wa watu, amechukua chupa ya rafu ya pembeni. La pili ni kwamba Mungu amemwonyesha mapema, kabla kizibo hakijatoka, na bado kuna nafasi. Aliifunika ndoo kwa kanga yake na kumtafuta Abigael, akamkuta chumbani nyuma ya pazia akifunga kilemba.

"Mama Drusilla, kuna kosa. Zile chupa si juisi. Ni pombe kabisa, nimesoma mwenyewe. Tuzirudishe kwa gari lao kabla watu hawajajua, tugawe soda."

Abigael hakugeuka. Aliendelea kufunga kilemba.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

Na hapo Ruqiya akajua. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Alikumbuka kaunta ya Haresh na lile swali la harufu, akaelewa kwa nini glasi ya tumbo ilikataliwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Gibson alisema wao hawagonganishi juisi kama watoto wa shule. Akasema wote tukunywe kitu kimoja kutoka kwa chupa moja, ndio undugu uingie. Sasa ningefanya nini?" Abigael aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nisimame mbele ya abako niseme hapana? Mimi, mama ya binti? Ensoni naiweka wapi?"

Ruqiya aliifahamu ensoni kwa kukaa nao miaka mingi. Ni ile heshima iliyochanganyika na aibu, inayomtenga mama wa binti na watu wa mume wa bintiye. Mama huyo hawakatalii, hashindani nao kwa maneno, hata macho hawatazami sana. Mwanamke aliyeweza kukemea kamati nzima ya kanisa hakuweza kumwambia Gibson neno moja.

"Na wazee wako wa kanisa?" Ruqiya aliuliza. "Mzee Nyasani hajaonja kileo tangu azaliwe. Atakunywa?"

"Kidogo tu. Hawajui ladha yake, watafikiria ni hiyo gesi. Na harufu haitatoka, si Haresh alisema?" Sauti yake ilishuka. "Wakiona vyombo ni vyako hawataulizia, Mama Sabir. Hakuna mtu anauliza kitu iko ndani ya glasi yako."

Ruqiya aliumia, na aliumia mahali ambapo hakuwahi kujikinga. Alikuwa ameogopa sabuni, alama za vidole, meza kuyumba, macho ya wazee. Hakuogopa Abigael hata siku moja. Kumbe kilichokodiwa siku hiyo ni jina lake, na aliyelikodi ndiye aliyelijenga.

"Nikisema ukweli?" aliuliza.

"Ukisema, ushemasi umeisha, hiyo si kitu. Lakini Gibson atasema nimemtukana mbele ya watu, na wataondoka na ng'ombe wao. Drusilla ana mimba, Mama Sabir." Abigael alifunika mdomo kwa mkono, kana kwamba neno limemtoroka. "Hakuna mtu anajua. Ukisema, atabaki hapa na mimi na hiyo mimba, na kanisa ndio hilo."

Nje, Gibson alikuwa anaita shampeni yake. Abigael akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akatoka. Ruqiya alibaki na pumzi chache za kufikiri. Akinyamaza, Mzee Nyasani angekunywa pombe kutoka mkononi mwake, na miaka yote ya Hawo ingeishia katika tumbo la mzee asiyejua. Akisema, binti wa watu angevunjiwa nyumba kabla hajaingia. Aliomba Mungu amfungulie mlango wa tatu, na hakuona mlango. Alirudi jikoni akachukua ile ndoo kwa sababu wasichana wa kwa Bosire walikuwa wameshafika kuichukua, na ilikuwa ama aibebe ama ang'ang'aniane nao.

Alisimama mezani, pale alipoambiwa asimame. Gibson alichomoa kizibo kwa mlio uliowafanya watoto wapige kelele za furaha. Akamimina kidogo katika glasi ya kwanza, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kumimina safu nzima. Vipovu vikapanda polepole katika zile shingo nyembamba, uzi baada ya uzi. Zilikuwa glasi safi kuliko zote alizowahi kuosha. Upepo wa mvua ulipita mezani na hakuna harufu iliyofika popote.

Wazee wa kanisa wakaja kwa mstari wa heshima, Mzee Nyasani mbele. Alikuwa mwembamba, koti lake la kijivu limepigwa pasi mpaka limeng'aa. Akaichukua glasi yake kwa kitako, kama mtu aliyeshika kifaranga, akatabasamu.

"Mama Sabir, glasi namna hii ningeikuta kwa mtu mwingine ningeirudisha," alisema. "Nimekuona wewe hapa, nikaambia hawa wenzangu, aa, hiyo ni salama."

Wenzake wakacheka, kila mmoja na glasi yake. Gibson alikuwa amepanda kiti kidogo ili aseme maneno ya baraka. Drusilla alikaa karibu na Bosire, mkono wake umelala tumboni bila yeye kujua. Ruqiya alimtafuta Abigael, akamwona mwisho wa hema ametazama udongo.

"Iweke chini, mzee," Ruqiya alisema.

"Nini?"

Hakukusudia sauti yake iwe kubwa, lakini ilikuwa kubwa. "Iwekeni chini wote, wazee wangu. Hizi glasi si safi. Zimeguswa na pombe."

Gibson akabaki na chupa hewani, uso wake ukianza kuvimba kwa hasira, maana alidhani linalofuata linamhusu yeye. Abigael aliinua kichwa. Mzee Nyasani aliitazama glasi, kisha akamtazama Ruqiya, hajaelewa.

"Zimeguswa na pombe wapi?" aliuliza.

Swali lilikuwa la haki na jibu lake lilikuwa mkononi mwa Gibson. Ruqiya alimwomba Mungu msamaha kabla ya kosa, jambo ambalo alijua halina maana sana, akapiga moyo konde.

"Kwangu," alisema. "Nilizikodisha kwa watu wa baa huko mjini. Zimerudi nikaziosha tu nikaleta hapa. Nilifikiria hakuna mtu atajua. Kosa ni langu."

Mzee Nyasani aliishusha glasi mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Wenzake wakashusha zao. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Hata wewe, Mama Sabir," alisema.

Gibson, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, alipumua na kuteremka kutoka kitini. Akasema kwa upole wa mtu aliyeepuka jambo kwamba hakuna neno, wao wageni hawana shida na glasi, watu wa kanisa waletewe soda, undugu hauko kwenye chupa. Watu wa Bosire wakaguna kukubali. Lakini wa kanisa hawakusogea. Walikuwa wanamtazama shemasi wao, kwa sababu ni yeye aliyewaletea huyu mwanamke, na miaka yote ni yeye aliyewathibitishia.

Abigael alikuja mbele. Alitembea polepole katikati ya viti, watu wakimpisha, akasimama upande wa pili wa meza ile ya glasi walizokwenda kuzichagua pamoja, mpya, zilizofungwa siku ile kwa magazeti ya Haresh. Kwa muda mfupi Ruqiya alidhani Abigael atasema ukweli, na aliogopa kwamba atausema, na aliogopa kwamba hatausema.

"Mama Sabir," Abigael alisema, kwa sauti yake ya kanisani. "Miaka yote nimekuamini. Nimekupeleka kwa nyumba za watu. Ungetuambia mapema."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na glasi zilizo karibu nao zilikuwa zikigongana kidogo kidogo. Hakuna mwingine aliyeliona hilo isipokuwa Ruqiya.

"Nisamehe, Mama Drusilla," alijibu.

"Tumekusikia."

"Mimi sitaleta tena."

"Ndiyo. Usilete tena."

Mzee Nyasani alitikisa kichwa kwa huzuni, kisha akamgeukia mwenzake. "Lakini shemasi wetu hatikisiki," alisema. "Umeona? Hata kwa rafiki yake."

Wageni wakainua glasi zao, wakagonganisha, wakanywa. Drusilla alipigiwa vigelegele. Soda zilifika za upande wa kanisa, zikanywewa kwenye chupa kwa mirija, na maombi yakafanywa. Sherehe ikaendelea kama sherehe. Mama wa Mosocho alipita karibu na Ruqiya bila kusimama, akasema tu kwamba ile ya mwezi ujao wataongea.

Ruqiya aliingia jikoni kumwita Janat waanze kufunga. Kina mama walikuwa wameshapata habari. Hawakumsemesha vibaya, hawakumsemesha kabisa. Walikuwa wamekata majani ya migomba nyuma ya nyumba na kuyatandika juu ya meza, na kutoka kwenye sahani zake, zile ambazo asubuhi hawakuona haja ya kuzipangusa, walikuwa wakihamisha chakula chote, kuku, managu na wimbi, sahani moja baada ya nyingine. Abigael alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa katikati yao, mikono ya gauni imekunjwa, akimwaga kama wenzake, na kila sahani aliyoimaliza aliipangusa kwa kiganja chake, akaiweka kwa upole juu ya nyingine, tayari kwa kurudi Kisii.